Kokoto zilizogoma: wanyama wanavyotengeneza sakafu ya mto

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa maji. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia changarawe katika kijito kimoja kidogo. Kwa hesabu zangu, kokoto za milimita 8 zilipaswa kuanza kubingirika maji yakifika kina cha sentimita 12. Mara mbili maji yamefika hapo na kupita, na kokoto hazikutikisika. Lakini mita chache chini yake, kokoto za ukubwa huo huo ziliondoka kabla maji hayajafika hata kina hicho. Nilipochunguza niliona mashimo kama mabakuli, vilima vidogo vya kokoto, na chini ya mawe nyuzi zinazofanana na utando wa buibui. Mwenzangu anasema hiyo ni kazi ya wanyama. Kweli mdudu au samaki anaweza kushindana na mto? Na je, nisawazishe sakafu kwa reki kabla ya kupima tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Reki iweke kando kwanza, tutaifikia mwishoni. Mwenzako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na nimefurahi kwamba ulipoona hesabu na kijito havikubaliani uliinama ukatazama chini ya mawe. Wengi wetu tungebadilisha namba kwenye kanuni hadi ikubali, tukaendelea na safari.

Tuanze na hiyo kanuni inayosema kokoto itaanza kuondoka lini, maana ukijua ilikotoka utaona pengo lake. Asili yake ni majaribio ya Albert Shields, aliyoyachapisha Berlin mwaka 1936. Alitandaza chembe katika mfereji wa maabara, akapitisha maji juu yake na kuangalia zinaanza kuondoka lini. Alitumia vipande vya kaharabu, makaa, granaiti na baraiti. Kazi ile ni nzuri na bado tunaitegemea, lakini chembe zile hazikuwa na uhai juu yake wala kati yake. Hapakuwa na utando wa mwani, hapakuwa na mdudu aliyetega wavu, hapakuwa na samaki aliyepindua kitu usiku uliotangulia. Kila unapoitumia kanuni ile kwenye kijito halisi, unachukulia kwamba sakafu ya kijito ni mchanganyiko wa mawe matupu.

Sasa namba zako. Ili kokoto ya milimita 8 iondoke kwenye kina cha sentimita 12, nadhani mteremko wako ni kama mita 5 kwa kila mita 1,000, na kigezo cha Shields ulichochukua (yaani mkokoto wa maji ukilinganishwa na uzito wa kokoto pale inapoanza kuondoka) ni karibu 0.045. Hapo maji yanaikokota sakafu kwa nguvu ya paskali 6 hivi. Kwa mito ya changarawe kigezo hicho huchukuliwa kati ya 0.03 na 0.06. Ukijaribu ncha zote mbili, kokoto hiyo hiyo inaondoka kwenye kina cha sentimita 8 au cha sentimita 16. Yaani kanuni yenyewe inaruhusu jibu moja liwe mara mbili ya jingine! Vitabu huuita mtawanyiko huo tofauti za mpangilio wa mawe, na ni kweli, mawe yaliyobanana hung'oka kwa shida kuliko yaliyolegea. Lakini jiulize ni nani aliyeyabana na nani aliyeyalegeza. Mafuriko yaliyopita yamechangia. Wakazi wa pale chini nao wamechangia, na kwa tofauti ya mita chache, kwenye maji yale yale na mteremko ule ule, mimi ningewashuku wakazi kwanza.

Unauliza kama mdudu anaweza kushindana na mto. Hashindani nao, wala hana haja. Mto mdogo wa changarawe hufanya kazi yake nzito ya kusafirisha mawe kwa siku chache tu katika mwaka, maji yanapojaa. Siku zilizobaki sakafu imetulia, na hizo ndizo siku za wanyama. Wanafunga, wanalegeza, wanachambua, wanapanga upya. Mafuriko yanapokuja hayaikuti sakafu iliyoachwa na mafuriko yaliyotangulia. Yanakuta sakafu iliyoandaliwa. Mnyama hahitaji nguvu za kulibeba jiwe hadi baharini. Akilegeza linaposhikwa, au akilifunga pale lilipo, mto utafanya mengine au utashindwa kuyafanya.

Zile nyuzi ndizo zinazonivutia zaidi katika barua yako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nenda tena mahali ambapo kokoto zilikataa kuondoka. Tafuta jiwe la ukubwa wa ngumi kwenye maji yanayokwenda kasi, liinue taratibu, usilitikise. Mara nyingi halitatoka peke yake. Litatoka na vijiwe vitatu vinne vinavyoning'inia upande wake wa chini. Ukikivuta kimoja kwa kidole kitakuja kidogo, kitarudi, na ukiongeza nguvu uzi utakatika. Katikati ya vijiwe hivyo utaona kijumba kilichoundwa kwa punje za mchanga na vipande vya majani, na mbele yake, upande maji yanakotoka, wavu wenye matundu yaliyopangwa sawasawa. Mwenye nyumba ni buu la mdudu ambaye wanasayansi humwita trikoptera. Akikomaa ataruka na utamdhania nondo. Kwa sasa ana urefu wa sentimita moja au mbili, kichwa kigumu, vigamba vitatu vyeusi mgongoni nyuma ya kichwa, na mashada ya matamvua tumboni. Wavu ule ni wa hariri, na kazi yake ni kukamata chakula kinacholetwa na maji. Kuyafunga mawe hakukusudia, kumetokea tu.

Fikiria kokoto inavyong'oka. Maji yanaisukuma, nayo lazima ipande juu ya mabega ya jirani yake wa mbele ndipo ibingirike. Hariri ikiifunga kwa jirani wawili watatu, haiwezi tena kuondoka yenyewe. Ama uzi ukatike, ama kundi zima liondoke. Majaribio ya maabara na ya vijitoni yameonyesha kwamba mabuu haya yanaweza kuongeza nguvu inayohitajika kung'oa changarawe ndogo kwa makumi ya asilimia. Chukua asilimia 30 kama mfano tu. Kina chako cha sentimita 12 kinageuka kuwa karibu 16, na hapo mshangao wako wa mara mbili umekwisha. Kumbuka pia kwamba mabuu haya hujaa maelfu kwa maelfu katika mita moja ya mraba, na hupenda sehemu zenye kasi, mahali hasa ambapo wewe ungetarajia kokoto ziondoke mapema.

Kuna mipaka. Uzito wa jiwe hukua haraka sana kadiri kipenyo kinavyoongezeka: kipenyo kikiwa mara mbili, uzito unakuwa mara nane, lakini hariri ni ile ile. Kwa hiyo athari ni kubwa kwa changarawe ndogo na hupungua mawe yakiwa makubwa. Tena mabuu wakishakuwa wadudu kamili huondoka. Nyavu zao hubaki zikishika kwa muda, kisha huchakaa. Ukipima kijito kile kile katika majira tofauti unaweza kupata majibu tofauti bila jiwe lolote kubadilika ukubwa. Andika tarehe kwenye kila kipimo, tafadhali. Nimeona daftari nyingi zenye kina, kasi na ukubwa wa mawe hadi desimali mbili, na mwezi haukuandikwa.

Mashimo na vilima sasa. Hukuniambia una samaki gani, kwa hiyo tazama umbo. Bakuli la mviringo kwenye mchanga au tope laini, katika maji ya taratibu, lenye ukingo ulioinuka kidogo kuzunguka, mara nyingi ni kazi ya dume wa jamii ya perege, ambaye hubeba mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni. Rundo la vijiwe vinavyokaribiana ukubwa, lililojengwa juu ya sakafu bila shimo kubwa kando yake, linafanana na kazi ya samaki wa jenasi ya Nocomis wa Amerika Kaskazini. Dume hukusanya maelfu ya vijiwe kimoja kimoja kwa mdomo, na samaki wa spishi nyingine huja kutaga humo humo. Lamprei wa baharini, samaki mrefu asiye na taya, naye hupanda mitoni kutaga, na huhamisha mawe kwa kuyanyonya kwa mdomo wake wa duara. Jina lake la kisayansi, Petromyzon, maana yake ni mnyonya mawe. Lakini shimo likifuatwa na kilima, kilima kikiwa upande maji yanakokwenda, na changarawe yake ni safi na nyeupe kuliko sakafu ya jirani, hiyo ndiyo sura ya kiota cha samoni na jamaa zake.

Kiota cha samoni kimechunguzwa kuliko vyote, na kinafundisha mengi. Jike hujilaza ubavu na kupiga mkia haraka haraka. Mkia haufanyi kazi ya jembe. Ukipanda unaacha nguvu ya kufyonza nyuma yake, na nguvu hiyo ndiyo inayoinua changarawe kutoka sakafuni. Mkondo unapokea kilichoinuliwa na kukichambua papo hapo: tope linaondoka kama moshi na kwenda mbali, mchanga unaanguka mbali kidogo, changarawe inatua nyuma tu ya shimo, mawe makubwa yanabaki palepale. Anataga, anasogea mbele kidogo kuelekea juu ya mto, anachimba tena, na kifusi cha shimo jipya kinayafunika mayai ya shimo la kwanza. Mayai yanaishia chini ya changarawe, kwa samoni wengi kama sentimita 20 hivi, ndani ya kilima kilichooshwa.

Kilima hicho kinabadilisha maji kwa namna mbili. Ya kwanza inaonekana: mkondo unabanwa juu ya kilele, unaongeza kasi, kisha nyuma yake unapungua kasi na kujizungusha, na viota vikiwa vingi sakafu nzima inakwaruza zaidi. Ya pili imefichika, na kwangu ndiyo kiini cha jambo hili. Maji yanapogonga uso wa mbele wa kilima, shinikizo linapanda. Nyuma ya kilele linashuka. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyasukuma maji ndani ya changarawe upande wa mbele, yapite katikati ya mawe na mayai, yatokee upande wa nyuma. Yanaingia na oksijeni, yanatoka na taka za mayai. Kwa kuwa samaki alikwisha kuosha tope, njia kati ya mawe ziko wazi. Umbo la kilima ni pampu isiyo na mota. Unaweza kuliona kwa macho yako: chukua bomba la sindano lisilo na sindano, weka tone la rangi ya chakula taratibu kwenye uso wa mbele wa kilima, karibu kabisa na changarawe. Rangi haitakwenda yote na mkondo. Sehemu yake itazama ndani. Ila usifanye hivyo kwenye kiota chenye mayai, na usikanyage karibu nacho. Jenga kilima chako mwenyewe pembeni. Kitafanya kazi vilevile.

Pampu hiyo ina adui mmoja. Mashamba na barabara za juu zikimwaga mchanga na tope jingi mtoni, chembe zile zinaingizwa kiotani na maji yale yale yaliyokuwa yakileta oksijeni. Zinaziba njia kutoka juu kwenda chini, na mayai yanakosa hewa yakiwa ndani ya jengo lililokusudiwa kuyalinda.

Je, kiota kinaifanya sakafu kuwa ngumu au dhaifu? Hapa wataalamu wamevutana, na ni vizuri ujue sababu. Mwaka 1996 David Montgomery na wenzake, wakichunguza vijito vya samoni katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, walieleza kwamba samaki wanapoosha chembe laini na kuacha mawe makubwa juu, sakafu inakuwa ngumu zaidi kung'olewa, na hivyo mayai yanapata kinga dhidi ya mafuriko. Majaribio ya baadaye yaliyopima viota na sakafu isiyoguswa yakaonyesha upande wa pili: changarawe iliyochimbwa imelegea, imesimama kilimani mahali mkondo unapoongezeka kasi, na huondoka mapema kuliko jirani zake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeona kitu cha kweli. Ukubwa wa mawe unavuta huku, ulegevu na umbo vinavuta kule, na mshindi hutegemea muda uliopita tangu samaki achimbe. Kiota cha wiki iliyopita si sawa na kile ambacho maji yamekishindilia kwa miezi mitatu. Naona sehemu yako ya chini, ile iliyoondoka mapema, inaweza kabisa kuwa na mashimo mapya.

Kwa kiasi, usimdharau samaki. Utafiti wa Marwan Hassan na wenzake katika vijito vya milimani vya British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba katika baadhi ya vijito samoni wanaotaga walisogeza karibu nusu ya changarawe yote inayosafirishwa kwa mwaka. Mafuriko ya mwaka mzima upande mmoja, mikia ya samaki upande wa pili, na mizani inakaribia kulingana.

Kuna kundi jingine ambalo halijengi cho chote ila linavuruga, na usilisahau katika sehemu yako iliyolegea. Mawe ya mto yaliyokaa muda mrefu hulala yakiegemeana kama vigae vya paa, na maji hupita juu yake bila kupata pa kushika. Samaki anayetafuta chakula kwa kupindua vijiwe, kama barbeli wa mito ya Ulaya, anavunja mpangilio huo. Kijiwe kilicholala kinaachwa kimesimama, kifua kikielekea maji. Kamba wa maji baridi wenye magando nao hutembea, hupigana, huchimba vishimo na kurundika vijiwe. Kamba mmoja wa asili ya Amerika Kaskazini, Pacifastacus leniusculus, aliingizwa Uingereza miaka ya 1970 na sasa amejaa mitoni. Katika Mto Nene watafiti waligundua kwamba maji yalichafuka usiku hata pasipo mvua, kwa sababu kamba hufanya shughuli zao gizani, na wakakadiria kwamba karibu theluthi moja ya tope lililoelea katika mwezi wa maji tulivu lilitokana na wanyama hao. Kama una kifaa cha kupima uchafu wa maji, kiache kikirekodi saa 24. Mstari unaopanda baada ya jua kuzama na kushuka alfajiri, bila mvua wala ongezeko la kina, hauna maelezo mengine rahisi.

Wajenzi wakubwa sitawagusa sana kwa kuwa hawahusu kijito chako. Biva, mnyama mgugunaji wa majini, hujenga mabwawa ya miti na matope yanayokata mto mzima. Katika eneo moja lililozungushiwa uzio huko Devon, Uingereza, familia ya biva iliyoletwa mwaka 2011 ilitengeneza mabwawa 13, na yalipopimwa yalikuwa yamenasa zaidi ya tani 100 za mashapo, nyingi zikitoka kwenye malisho ya juu. Viboko wa Okavango, huko Botswana, wanapopita njia zile zile kwenye matete hufungua mifereji ambayo maji huja kuifuata, na mingine hugeuka kuwa mkondo mpya. Wazo ni lile lile, ila kipimo kimekuwa kikubwa.

Rudi kijitoni. Ili ujue kama ni wanyama kweli, usibadilishe kigezo cha Shields hadi jibu likubali. Pima kung'oka kwenyewe. Chukua mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ndogo kabisa inayosoma sehemu za kumi za gramu, funga kijindoano, uvute kokoto moja moja taratibu kwa usawa wa sakafu kuelekea maji yanakokwenda, na usome namba pale inapoachia. Fanya kokoto 50 kwenye sehemu iliyogoma na 50 kwenye iliyoondoka mapema, kisha kila kokoto ipime uzito wake mkavu. Ukigawanya nguvu ya kuivuta kwa uzito wake utapata namba inayolinganishika. Andika kando kama ilitoka na uzi au bila uzi. Sehemu ya juu ikiwa na uwiano mkubwa, na kokoto zenye nyuzi ndizo zinazoubeba, una jibu lako. Kisha paka rangi kokoto nyingine, uzirudishe sehemu zote mbili, usubiri maji yajae. Zilizopakwa rangi hazina hariri siku ya kwanza. Zikibaki mwezi mmoja kabla ya maji kujaa, mabuu watakuwa wamezifunga. Tofauti kati ya zilizowekwa jana na zilizowekwa mwezi uliopita itakuambia kitu ambacho hakuna kanuni itakayokupa.

Na reki: usisawazishe sehemu yote. Ukifanya hivyo utapata namba inayokubaliana na mfereji wa Shields, kwa sababu utakuwa umekigeuza kijito kuwa mfereji ule, na kama kuna mayai utakuwa umeyaua. Chagua mraba mmoja usio na kiota, wa nusu mita kwa nusu mita, usawazishe huo peke yake, na uuache jirani yake kama ulivyo. Utembelee kila wiki. Mimi ningependa sana kujua inachukua wiki ngapi hadi jiwe la kwanza litoke tena na vijiwe vinavyoning'inia.